Fundi Lifti na Bomba Lake la Shaba

Kuna watu ukiwapa kitu kipya watakushukuru, na kuna watu watakuuliza kinafunguliwa wapi. Fundi Lifti alikuwa wa kundi la pili, na shukrani zake zilikuja baadaye, kitu kikishakuwa vipande vipande juu ya meza.

Kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kutunza lifti za maghorofa. Wanaopanda lifti hudhani kwamba kazi hiyo ni kamba na magurudumu. Kamba ni kamba tu, angekwambia mwenyewe, hata mbuzi anaijua kamba. Roho ya lifti iko juu kabisa, kwenye chumba cha mashine chini ya paa, ndani ya makabati ya chuma yaliyojaa kontakti, yaani vile vichwa vidogo vya shaba vinavyogusana umeme ukapita, vikaachana umeme ukakatika. Kimoja kikishika masizi, mkubwa mmoja anakwama katikati ya ghorofa na suti yake yote, anagonga mlango kama mtoto aliyefungiwa stoo. Hapo ndipo alipokuwa anaitwa Fundi Lifti na brashi yake ya meno, chupa ya spiriti na kipande cha msasa laini, akapanda ngazi bila haraka, sigara mdomoni. Haraka ya nini? Aliyekwama hana pa kwenda.

Alipostaafu, mikono ikakosa kazi, na mikono ya fundi isiyo na kazi ni hatari kuliko mtoto mwenye kiberiti. Alisafisha kengele ya mlangoni mpaka ikawa inalia hata upepo ukivuma. Alifungua rimoti, akafungua pasi, akaifungua redio ambayo haikuwa na ugonjwa wowote na baada ya hapo ikawa nao. Majirani waliokuja kuazima chumvi walijifunza kuacha tochi zao nyumbani. Ukigeuka tu kumsalimia mkewe, ukirudisha macho tochi yako iko uchi mezani, na yeye anakutazama kwa huruma kama daktari.

"Springi yako imechoka, jirani. Kwani ulikuwa huoni?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa mapazia na sare za shule. Walikuwa wamezaa pacha, kwa hiyo ndani ya nyumba yeye alikuwa Mama Pacha na mumewe Baba Pacha, ingawa pacha wenyewe walikuwa wameshakua na kwenda kujitafutia maisha. Mama Pacha alikuwa amepigana na sigara tangu uchumba. Alipoficha kiberiti, mumewe aliwashia kwenye jiko. Alipochovya pakiti nzima kwenye ndoo, mumewe alizianika dirishani moja moja, akazivuta zikiwa zimejikunja, akasema zimekuwa laini zaidi. Alinuna, akasusa, akahubiri. Mzee akavaa miwani ya mbao.

Kifua chake kilipoanza kupiga filimbi, mmoja wa pacha, yule wa kiume, alimtumia kifaa cha mvuke ili aachane na moshi kidogo kidogo. Kilikuwa bomba la shaba tupu, lenye unene wa betri iliyokaa ndani yake na kidogo tu zaidi. Chini lilikuwa na kitufe chenye springi, juu koili ndogo ya waya iliyozungushiwa pamba iliyolowa maji matamu. Vifaa vingi vya aina hiyo vina ubongo wa umeme unaojua kusema basi. Hiki hakikuwa na ubongo wala huruma. Ukibonyeza, kitufe kinagusa kitako cha betri, umeme unapita kwenye mwili wa bomba lenyewe, koili inawaka, maji yanageuka mvuke. Umeme wake ni mdogo, na njia yake ni fupi, kwa hiyo hata ukungu wa uchafu kwenye kontakti unatosha kuuibia nguvu zote. Fundi Lifti alikifungua, akakichungulia, akakaa chini kabisa. Mwanawe alikuwa amemtumia lifti nzima ya kubeba mfukoni.

Kuanzia hapo akapata kazi upya. Kila baada ya chai ya asubuhi alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya roshani. Kwanza aliitoa betri, akaikagua ngozi yake ya plastiki kama imechanika, maana betri iliyochunika ndani ya ganda la shaba ni ugomvi usio na msuluhishi. Akishaitia kwenye kikasha chake, alichovya brashi ya meno kwenye spiriti na kusugua meno ya skrubu, yale ya juu na ya chini, mpaka weusi wote utoke. Kontakti aliisugua kwa kifutio cha penseli. Msasa aliutumia kwa uchoyo. "Msasa unasafisha leo, unakula kesho," alikuwa akisema, hata kama hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Ile pete nyeupe inayotenganisha ncha chanya na ganda aliifuta kwa pamba kavu, na mafuta hakuyakaribisha kwenye njia ya umeme hata tone. Mwisho alingoja spiriti ikauke, akarudisha kila kitu mahali pake, akaikaza pete ya kufuli ili kitufe kisijibonyeze chenyewe mfukoni na kumchoma paja mzee wa watu.

Mama Pacha hakuvutiwa.

"Umeacha sigara, umeoa bomba," alisema.

Kilichomkera zaidi ni harufu. Maji yale yalinukia matunda ambayo hayajawahi kuota kwenye mti wowote, na harufu iliingia kwenye mapazia ya wateja. Siku moja alikunja shuka lake, akasimama mlangoni mwa chumba chao, akakata kauli.

"Siku utakayoliacha hilo dude, nitarudi. Si kabla."

Akahamia chumba cha pacha, kwenye kitanda cha mtoto, ubavuni mwa cherehani.

Jioni ile ile Fundi Lifti alikwenda roshani, akavuta kwa makusudi, mvuke mwingi, ili aonekane ni mwanaume na nyumba ni yake. Akangoja. Hakuna aliyekohoa kwa hasira. Hakuna aliyefunga dirisha kwa kishindo. Akavuta tena, na ile ladha ikawa kama kulamba karatasi. Alishangaa kugundua kwamba miaka yote ile utamu wa sigara ulikuwa nusu yake tumbaku, nusu yake kugombezwa na Mama Pacha. Akaitoa pamba, akaitupa, na hakuvuta tena, si siku ile wala iliyofuata.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angegonga mlango, akasema, "Mke wangu, nimeacha, rudi." Maneno manne, hata mtoto angeyabeba. Lakini kusema "nimeacha" ilikuwa ni kumkabidhi Mama Pacha kombe lililogombewa tangu uchumba, na yule mwanamke angelizungusha mtaa mzima. Fundi Lifti aliona afadhali atafune kokoto.

Kwa hiyo akajifanya bado anavuta. Kila jioni alibeba glasi ya chai ya moto kwenda roshani, akakaa nyuma ya pazia, akaipuliza. Kutoka ndani ulionekana mvuke unapanda kwa madaha. Kwa ajili ya harufu alijipaka tone moja la yale maji kwenye kola, kama kijana anayekwenda kuposa. Na usafi hakuuacha ng'o. Kila asubuhi alisugua, akaunga, akabonyeza kidogo tu aione koili kavu ikiwaka nyekundu mara moja, sawasawa, bila kusitasita. Hiyo ilimtosha. Wapo wanaopenda ngoma na wapo wanaopenda kuzikaza.

Usiku ndio uliokuwa na shida, na sitaupamba. Alimkosa mkewe. Alikosa mguu wake wa baridi, alikosa ile tabia yake ya kusimulia ndoto kabla hajaamka vizuri. Aliutaka ule upande wa kitanda uwe na mtu, na kila alipoinuka kwenda kusema, kiburi kilimshika shati kikamrudisha.

Hali ikakaa hivyo, hadi asubuhi moja alipobonyeza kitufe na koili isiwake.

Alibonyeza tena. Wapi. Akachomoa betri, akaipima kwa mita yake ya kazini, ikawa nzima. Akafungua kitako, akakielekeza kwenye mwanga, akakwaruza kontakti kwa ukucha. Chini ya ukucha kukabaki kitu cheupe, laini. Nta.

Kontakti hushika kutu, masizi, hata mba ya fundi mzembe. Haioti nta. Na ndani ya nyumba ile kipande cha nta kilikuwa kimoja tu, kile ambacho mshonaji hupitisha uzi wake usikatike.

Fundi Lifti alicheka peke yake mpaka kifua kikapiga filimbi. Kisha akajikaza, akakunja uso, akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba cha pacha.

"Nani amegusa kifaa changu?" alinguruma.

Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba.

"Panya," Mama Pacha alijibu, na cherehani haikusimama.

"Panya anapaka nta?"

"Panya wa siku hizi wamesoma, Baba Pacha."

Baada ya nta yakaja mafuta ya cherehani. Baada ya mafuta ikaja chaki ya kupimia nguo, imesagwa na kujazwa kwenye meno ya skrubu kwa ustadi wa mtu anayejua kuficha mshono. Kila mara mzee aligundua, akasafisha, akaenda mlangoni kunguruma, na kila mara panya walilaumiwa. Kisha ikaja siku ambayo kila kitu kiling'aa na bado koili ilikuwa imekufa. Ilimsumbua asubuhi nzima. Alikuwa karibu kumpigia mwanawe simu alipoigeuza kontakti kwenye jua na kuona inameremeta kupita kiasi. Rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, imepakwa mara moja tu, nyembamba, bila alama ya brashi.

Ile ilimpendeza mno. Alijiambia kwamba kama Mama Pacha angeingia kwenye chumba cha mashine na kichupa chake, jiji zima lingepanda ngazi. Na kuna jambo jingine aliloliona, lililomkaa moyoni. Kila mara, aliyefanya uharibifu ule alikuwa ameitoa betri kwanza, akailaza kwenye kikasha, akairudisha upande wake sahihi, akaikaza pete ya kufuli. Miaka yote aliyokuwa akihubiri kuhusu kontakti wakati wa kula, akidhani anawahubiria wali na mchuzi, yule mwanamke alikuwa anamsikiliza. Alijiona anapendwa, japo kwa nta.

Sasa akawa anaamka mapema kwenda kuangalia ametegewa nini. Mchezo ukawa mtamu kuliko alivyowahi kuota. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwake ilikuwa na kivuli na pa kukaa, akasahau kwamba inaishia mahali.

Asubuhi moja akafungua bomba akakuta kontakti safi. Akanusa, akakwaruza, akaipima. Safi. Kesho yake safi. Siku iliyofuata safi, na hapo akaiweka brashi chini, maana Fundi Lifti anajua kwamba mashine inayopiga kelele ni nzima, ya kuogopa ni iliyonyamaza.

Akapita mlangoni kwa Mama Pacha akijifanya anatafuta miwani. Begi lilikuwa wazi juu ya kitanda, limejaa nusu. Mama Pacha alikuwa anaongea kwenye simu na dada yake mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, ambaye hata ukimbana sikioni nyumba nzima inamsikia.

"Njoo Jumamosi," sauti ilikuwa inasema, "ukae mpaka uchoke. Huyo mzee wako mwachie bomba lake, walee wajukuu wao."

"Nakuja, dada," alisema Mama Pacha, bila mzaha wowote.

Fundi Lifti akarudi roshani. Hii haikuwa tena kuhama chumba. Dada mtu alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa, na wanawake waliokwenda kwake kukaa mpaka wachoke hawakuwa wanachoka.

Ungedhani sasa atasema. Hakusema. Ijumaa asubuhi, badala ya kwenda kusema yale maneno manne, alifanya jambo ambalo katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kulifanya na angemfukuza kazi yeyote ambaye angelifanya: aliichafua kontakti kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa kwamba kukiwa na uchafu kutakuwa na ugomvi, na kukiwa na ugomvi atakuwa na sababu ya kwenda mlangoni, na mwanamke aliye katikati ya ugomvi hasafiri. Akatazama huku na huku, akapata kikopo mvunguni, akapaka kwa kidole.

"Mama Pacha! Umeanza tena!"

Mama Pacha alitokea roshani ameshika gauni alilokuwa analikunja.

"Nimeanza nini?"

"Umenichafulia kontakti. Haiwaki. Tazama mwenyewe."

Mama Pacha akalaza gauni kwenye kiti, akalichukua bomba. Akaitoa betri kwanza, akailaza kwenye kikasha. Akafungua kitako, akakisogeza puani.

"Hii ni dawa ya viatu."

"Ndiyo! Umejionea!"

"Ya kahawia."

"Ya kahawia kabisa! Hata aibu huna!"

"Baba Pacha," alisema taratibu, "katika nyumba hii, nani ana viatu vya kahawia?"

Fundi Lifti akainamisha macho. Viatu vilikuwa miguuni pake, viwili, vya kahawia, vimepigwa dawa vinang'aa. Kidole chake cha shahada nacho kilikuwa cha kahawia mpaka kwenye kiungo.

"Mimi sijaligusa tangu dada aliponipigia simu mara ya kwanza," Mama Pacha aliendelea. "Nimechoka. Nimeshindana na sigara, nimeshindana na bomba, na umri wenyewe huu. Sasa wewe unachafua kitu chako mwenyewe, unanisingizia. Unataka nini?"

"Sivuti," alisema Fundi Lifti.

"Huvuti nini?"

"Sivuti chochote. Hilo bomba halina hata pamba. Chungulia."

Mama Pacha akachungulia. Koili ilikuwa kavu kama mfupa wa jana.

"Na ule moshi wa jioni?"

"Chai."

"Na harufu?"

Mzee akavuta kola yake kidogo kwa kidole kile kile, nayo ikapata doa la kahawia. "Tone moja. Nilikuwa najipaka."

"Umeacha tangu lini?"

Hapo alikohoa, akatazama ukuta wa jirani, akatazama anga, na kote huko hakupata msaada.

"Tangu jioni ile uliyohama."

Mama Pacha alikaa juu ya gauni alilokuwa amelikunja vizuri. Mzee alianza kutumaini. Hakumjua mkewe.

"Yaani," alianza, "mimi nimelala kwenye kitanda cha mtoto, miguu inaning'inia, cherehani inanigonga kisigino kila nikigeuka, shingo imepinda mpaka nashona mapazia upande, na wewe uko hapa huvuti? Unapuliza chai?"

"Ndiyo, lakini..."

"Nilikuwa nimeshinda! Nimeshinda miezi mizima na sijaambiwa! Nimenyimwa hata kufurahi!" Akainuka, akachukua gauni, akamtupia kichwani. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Baba Pacha, wewe si mshindani, wewe ni mwizi!"

"Na wewe nawe panya msomi," alijibu kutoka ndani ya gauni. "Rangi ya kucha ilinitesa asubuhi nzima."

Mdomo wa Mama Pacha ulitaka kucheka, akaukaza.

"Ile nta ya kwanza nilitaka kweli ukome," alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Nyingine zote... ni kwa sababu ulikuwa unakuja mlangoni kunipigia kelele. Bila kelele hukuwa unakuja."

Fundi Lifti akaliondoa gauni usoni. Aliona haya, haya ya kweli, na kile kiburi kilichokuwa kinamshika shati hakikuonekana kilipokwenda.

"Usiende kesho," alisema. "Rudi chumbani kwetu."

"Nimeshamwambia dada nakuja."

"Basi mwambie huji."

"Mwambie wewe. Mwambie na sababu."

Mama Pacha akabonyeza namba ya dada yake, akaiweka simu yake mezani. Haikuhitaji kipaza sauti.

"Enhe, mdogo wangu!" ikanguruma simu.

"Ni mimi, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama Pacha hataweza kuja. Ana mafua."

"Sina mafua!" alisema Mama Pacha.

"Yaani, kuna wateja wa mapazia, wengi sana..."

"Hakuna wateja, dada!"

"Shemeji," simu ikasema, "unaniamshia presha. Sema unachotaka kusema."

Dirisha la jirani lilifunguka kidogo, kwa ajili ya hewa bila shaka. Fundi Lifti akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na doa la kahawia likabaki kwenye kitambaa cheupe.

"Nimeacha kuvuta tangu siku aliyohama chumbani," alisema. "Sikumwambia kwa kiburi. Akija kwako hatarudi, namjua, na mimi nyumba hii bila yeye siiwezi. Namtaka mke wangu. Basi."

Simu ilishusha sauti, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Sasa hayo ndiyo yaliyokuwa yanakukaba, mwanaume mzima?" ikasema taratibu. "Haya. Nipe mdogo wangu."

Lakini Mama Pacha alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Akapunga mkono mmoja nyuma kumkataza, akasema hawezi kuongea sasa hivi, spiriti imemwingia machoni.

Chupa ya spiriti ilikuwa mezani mbele ya mumewe, kizibo chake kimekazwa, haijafunguliwa tangu jana.

"Atakupigia baadaye, shemeji," alisema Fundi Lifti. "Ameingiwa na spiriti machoni."